Tuhesabu Wafu Wetu, Tuwaokoe Walio Hai

Somo: Hesabu 16:41–50
Masomo ya kusaidia: 2 Wafalme 20:1–7; Luka 13:1–5; Zaburi 90

 

Somo la Jumapili hii halikuwa na vigelegele vingi. Lilikuwa somo la mauti. Wengine mlikunja uso nilipolitaja, na ninawaelewa. Huku kwetu mtu akitaja kifo tunasema "ashindwe!" kabla hajamaliza sentensi. Lakini nimewaomba mnisikilize hadi mwisho, na wewe unayesoma jarida hili nyumbani, labda hukuweza kuja kwa sababu unauguza mtu, nakuomba vivyo hivyo. Soma hadi mwisho. Huenda kuna mtu nyumbani mwako ambaye uhai wake uko ndani ya somo hili.

Tuanze na Neno.

Kitabu chenyewe kinaitwa Hesabu. Mlango wa 16, wana wa Israeli wamenung'unika, na tauni imeanza kambini. Musa anamwambia Haruni achukue chetezo, atie moto wa madhabahuni na uvumba, aende upesi kwa mkutano. Haruni hakwenda kwa mwendo wa bwana harusi. Alikimbia. Huyu ni mzee, wapendwa. Alipokuwa mbele ya Farao alikuwa na miaka 83, na hapa ni baadaye. Kuhani mkuu, mwenye mavazi yake mazito, anakimbia kuingia pale ambapo watu wanaanguka! Akasimama, upande huu waliokufa, upande huu walio hai. Tauni ikakoma pale aliposimama.

Halafu Biblia inafanya jambo ambalo sisi tungeliruka. Inatoa hesabu. Waliokufa walikuwa 14,700, mbali na wale waliokufa kwa ajili ya Kora. Mungu hakusema "wengi walikufa". Aliwahesabu. Kila mmoja katika wale 14,700 alikuwa mtoto wa mtu.

Basi kama Mungu anahesabu wafu, kanisa lake litakuwa na sababu gani ya kuogopa kuhesabu? Musa huyo huyo katika Zaburi ya 90 anamwomba Mungu atufundishe kuzihesabu siku zetu ili tupate hekima. Kuna hekima ambayo haipatikani mpaka uhesabu. Semeni amina.

HESABU YETU SISI

Sasa njooni nyumbani, Mombasa.

Sensa ya mwaka 2019 ilitukuta watu 1,208,333 katika kaunti hii, kisiwa pamoja na Likoni, Kisauni, Nyali, Changamwe na Jomvu. Sensa hiyo hiyo ilionyesha kwamba katika Kenya nzima, kwa kila watu 1,000, takriban 10 hufa kwa mwaka. Mtoto wa kiume anayezaliwa alitarajiwa kuishi miaka 60.6, na wa kike 66.5.

Hebu tufanye hesabu ya shule ya msingi. Tukichukua kiwango hicho cha taifa tukakiweka juu ya Mombasa, tunapata kama watu 12,000 kwa mwaka. Ni kama watu 33 kila siku. Sisemi hiyo ndiyo hesabu rasmi ya kaunti. Mji wetu una vijana wengi na yawezekana ikapungua. Ni kipimo tu cha kutufungua macho.

Wazee wetu mnaikumbuka tarehe 29 Aprili 1994. Asubuhi ile feri ya Mtongwe ilipinduka ikiwa imejaza kupita kiasi, na watu 272 wakafa. Mji mzima ulilia. Mpaka leo mtu akipanda feri na mawimbi yakaitikisa kidogo, roho yake inaikumbuka Mtongwe. Sasa sikiliza: kwa kipimo kile nilichokupa, kila baada ya siku nane hivi Mombasa inapoteza watu wengi kama wa Mtongwe. Lakini hawafi pamoja. Anakufa mmoja Majengo, mmoja Kibokoni, wawili Bangladesh, mmoja Shika Adabu, mmoja wodini. Hakuna king'ora. Kila nyumba inalia peke yake, na kwa sababu tunalia mmoja mmoja, hatuulizi: jamani, ni nini kinatumaliza?

Na ukitaka hesabu ya karibu zaidi, hiyo hapo. Kanisa la watu 300, kwa kiwango hicho, ni watu watatu kwa mwaka. Tazama safu uliyoketi. Simtishi mtu. Nataka tu tuache kuzungumza juu ya kifo kama jambo la mtaa wa pili.

ADUI ALIYE NDANI YA NGOME

Kila siku tunapita pale Ngome ya Yesu. Watoto wa shule wanaletwa na mabasi kupiga picha. Wareno waliijenga kati ya mwaka 1593 na 1596, na ukiitazama kutoka juu ina umbo la mtu aliyelala chali, ana kichwa, mikono na miguu. Kuta nene, mizinga imeelekezwa baharini. Waliijenga wakijua adui atakuja kwa mashua.

Na adui akaja. Mwaka 1696 majeshi ya Omani yaliizingira ngome, na mzingiro ule uliendelea mpaka Desemba 1698. Ndani walikuwamo Wareno wachache na wenyeji wengi wa pwani, wanaume, wanawake na watoto waliokimbilia usalama. Wengi wao hawakuuawa na mizinga. Waliuawa na maradhi. Tauni iliingia ndani ya kuta, ikawamaliza watu kwa mamia, na ngome ilipoanguka waliobaki humo walikuwa wachache wa kuhesabika. Kuta zilikuwa zingali zimesimama, na mpaka leo zimesimama.

Mpendwa, Paulo anatufundisha kwamba mwili wako ni hekalu la Roho Mtakatifu. Wewe ni ngome yenye umbo la mtu. Na wengi wetu ni hodari sana wa kuelekeza mizinga nje. Tunakesha, tunafunga wachawi, tunakemea majini ya baharini, tunavunja laana za ukoo. Sikatazi maombi, mimi mwenyewe ni mtu wa mkesha. Lakini ni nani anayetazama ndani ya kuta? Ni nini kinachowaua watu wetu humo ndani?

Niwatajie kwa majina, maana adui asiye na jina hapigwi.

La kwanza ni presha, na ndugu zake kiharusi, sukari na maradhi ya moyo. Magonjwa haya yasiyoambukiza yanachukua zaidi ya theluthi moja ya vifo vyote vya Kenya siku hizi. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2015 ulionyesha kwamba karibu mtu mzima mmoja katika kila wanne ana presha, na zaidi ya nusu ya Wakenya walikuwa hawajawahi kupimwa hata siku moja. Presha haina kelele. Damu inasukuma kuta za mishipa kwa nguvu kuliko inavyostahili, miaka kumi, miaka kumi na tano, huku wewe unaimba kwaya na unajisikia mzima. Siku mshipa unapopasuka au kuziba kichwani, uso unapinda upande mmoja, mkono unalegea, ulimi unakuwa mzito. Na hapo huku kwetu pwani tunasema nini? "Amepigwa na upepo." Tunamtafutia mtu wa upepo, saa zinapita, na zile saa za kwanza ndizo zilizokuwa za kumwokoa.

La pili ni kifua. Nimonia kwa miaka mingi imekuwa miongoni mwa sababu za kwanza kabisa katika vifo vinavyoandikishwa Kenya. Inawachukua watoto wachanga na inawachukua wazee. Mtoto akipumua haraka kupita kawaida, kifua kikibonyea ndani akivuta pumzi, akikataa kunyonya, hiyo si ya kusubiri kupambazuke. Na chumba kimoja chenye jiko la makaa, dirisha limefungwa, kinamtayarishia mtoto njia hiyo. Kando yake kuna kifua kikuu. Kikohozi cha wiki mbili hakipaswi kuitwa mafua. Kupimwa na dawa zake katika vituo vya serikali ni bure, na ni kawaida miezi sita. Ukiacha mwezi wa pili kwa sababu umepata nguvu, ugonjwa unarudi, na safari hii dawa ile inaweza isiuweze.

La tatu, Ukimwi. Uchunguzi wa mwaka 2018 ulikuta karibu watu 5 katika kila 100 kati ya miaka 15 na 64 Kenya wanaishi na virusi. Dawa zimegeuza ugonjwa huu. Mtu anayemeza dawa zake kila siku mpaka virusi visionekane katika kipimo anaishi, anazaa, na hamwambukizi mwenziwe kwa tendo la ndoa. Anayekufa leo, mara nyingi ni aliyejificha au aliyeacha dawa.

La nne, saratani. Kwa akina mama, ya matiti na ya mlango wa kizazi. Hii ya mlango wa kizazi huchukua miaka mingi kukua na inaweza kuonekana mapema kwa kipimo kidogo cha kliniki. Tangu Oktoba 2019 serikali inatoa chanjo yake bure kwa wasichana kuanzia miaka 10. Kuna wazazi wanaoambiwa eti chanjo hiyo ni ya kuwafunga uzazi watoto. Si kweli. Ni ya kumzuilia binti yako saratani atakayoipata akiwa na miaka 45 na wajukuu mlangoni.

La tano, uzazi. Sensa ya 2019 ilionyesha Kenya inapoteza akina mama kama 355 kwa kila watoto 100,000 wanaozaliwa hai. Wengi huvuja damu baada ya kujifungua, na damu haingoji kikao cha familia. Mama wa Likoni anayevuja saa nane za usiku, akihitaji hospitali kuu ya kule Makadara, feri iko mbele yake. Kila saa mliyopoteza nyumbani mkibishana nani atalipa gari, ni saa ya uhai wake.

La sita, na hili ni la mitaa yetu hii hasa: unga. Vijana wetu wa maskani, wengine waliimba shule ya Jumapili hapa hapa. Heroini inapozidi, pumzi inapungua, inapungua, mpaka inakatika. Wenzake wanadhani amelala.

Na bado sijataja kipindupindu cha maji machafu, mashimo ya vyoo yaliyo jirani na visima vyetu, pikipiki zisizo na kofia, na malaria ambayo hapa pwani tumeizoea kama jamaa.

UONGO UNAOUA PAMOJA NA UGONJWA

Wapendwa, ugonjwa una wasaidizi. Nataja uongo wa aina tatu.

Uongo wa kwanza unasema, aliyekufa alikuwa na dhambi, au kuna mtu alimloga. Walimjia Bwana Yesu na habari kama hizo. Luka 13. Mnara wa Siloamu ulikuwa umeanguka ukaua watu 18. Bwana aliwauliza kama wanadhani hao 18 walikuwa wakosaji kuliko wote waliokaa Yerusalemu, na akajibu mwenyewe kwamba sivyo. Akageuza swali kwa walio hai: ninyi je, mtatubu? Angalieni, Yesu alijua hesabu ya waliokufa na alijua chanzo, yaani mnara. Hakumtafuta mchawi.

Ng'ambo ya kisiwa hiki, upande wa Nyali, kuna kaburi la Rosine, mke wa mmishenari Krapf. Walifika Mombasa mwaka 1844. Mwaka huo huo mama huyo alijifungua, homa ikampata, akafa, na mtoto wake mchanga akafa naye. Watumishi wa Mungu walioacha kwao Ulaya kwa ajili ya Injili! Utasema hawakuwa na imani? Walikufa kwa homa, katika siku ambazo hakuna daktari duniani aliyejua kwamba malaria huletwa na mbu. Hilo lilithibitishwa mwaka 1897, miaka 53 baadaye. Wao hawakujua. Sisi tunajua, na neti tumefugia kuku.

Uongo wa pili unasema, mwenye imani hahitaji dawa. Hapa naomba mnisikilize sana. Tunaamini uponyaji. Tumeona Mungu akiponya katika kanisa hili, na tutaendelea kuwekea wagonjwa mikono. Lakini someni 2 Wafalme 20. Hezekia anaugua kufa. Anaomba, analia, na Mungu anamjibu kwa kinywa cha nabii: ameongezewa miaka 15. Jibu limeshatoka mbinguni! Kisha Isaya, nabii huyo huyo, anaagiza uletwe mkate wa tini uwekwe juu ya jipu. Kwa nini tini, kama Mungu amekwisha kusema? Kwa sababu Mungu aliyetoa neno ndiye aliyeumba tini. Nabii hakuona aibu, mfalme hakusema "imani yangu itapungua".

Basi mtumishi yeyote atakayekuambia utupe dawa za presha, za sukari, au za virusi kwa sababu amekuombea, usimtii. Hata kama ni mimi, usinitii. Ukiamini umepona, nenda kapimwe. Yesu aliwatuma wenye ukoma wakajionyeshe kwa kuhani, na kuhani katika Walawi 13 ndiye aliyekagua ngozi. Muujiza wa Mungu hauogopi kipimo.

Na hatuwezi kulisema hili tukajifanya hatujui Shakahola. Si mbali, ni hapo Kilifi. Kuanzia Aprili 2023 miili zaidi ya 400 ilifukuliwa katika msitu ule, wengi wakiwa wamekufa njaa, watoto wengi sana wakiwamo. Waliambiwa kufa kwa njaa ni njia ya kumwona Yesu. Hao nao wako katika hesabu ya vifo vya pwani, na chanzo kilikuwa mafundisho. Kwa hiyo kila mafundisho yanayomtenga mtu na chakula, na dawa, na shule, na jamaa zake, yapimeni upesi. Yesu alisema mwizi huja kuua, yeye alikuja tuwe na uzima.

Uongo wa tatu ni kunyamaza. Soma wasifu wa marehemu katika mazishi yetu: "Aliugua kwa muda mfupi." Mfupi gani? Presha ilikuwa naye miaka 12! Tunaficha jina la ugonjwa, na ndugu watano waliosimama kando ya jeneza, wenye damu ile ile, wanarudi nyumbani bila kujua nao wapimwe. Sisemi tutangaze siri za mtu. Siri ya mgonjwa ni amana. Lakini familia ikiweza kusema, "Baba alikufa kwa kiharusi, tafadhali pimeni presha," hiyo ni mahubiri kuliko yangu. Na mtu akifia nyumbani, mwandikisheni kwa naibu wa chifu kama sheria inavyotaka, mkaseme ukweli wa dalili zake. Serikali haiwezi kupanga dawa kwa ajili ya vifo ambavyo haikuviona.

Mei 2020 hatujaisahau. Korona ilipopanda, tarehe 6 mwezi ule serikali ilitangaza kwamba hakuna kuingia wala kutoka Mji wa Kale, kama Eastleigh kule Nairobi. Wizara ilisema watu wanakufa na bado wengine wanakataa kupimwa. Watu walikuwa na hofu zao, hofu ya karantini, hofu ya kunyooshewa kidole, na hofu si jambo la kuchekwa. Lakini wale tuliowazika wakati ule, Waislamu kwa Wakristo, wanatufundisha kwamba ugonjwa hupenda sana nyumba yenye mlango uliofungwa.

HARUNI ALIFANYA MAMBO MATATU

Sasa tufanye nini? Turudi kambini kwa Haruni.

Alichukua moto wa madhabahuni. Hakwenda mikono mitupu. Kazi hii ni ya maombi. Muuguzi anaomba akienda zamu ya usiku, mama anaomba akimpeleka mtoto chanjo. Mwaka 2003, katika kila watoto 1,000 waliozaliwa Kenya, 115 walikufa kabla ya kutimiza miaka mitano. Mwaka 2022 idadi hiyo ilikuwa imeshuka hadi 41. Chanjo, neti, dawa, maji safi. Mama zetu waliokesha wakiomba watoto wao wasife, hayo ndiyo majibu. Mungu amejibu kwa mikono ya watu. Mpeni utukufu!

Alikimbia. Ukiona dalili za kiharusi, kimbia. Mama akivuja damu, kimbia. Mtoto kifua kinabonyea, kimbia, na tutaomba njiani. Mchungaji hataudhika ukimpigia simu kutoka hospitalini badala ya kumleta mgonjwa kanisani saa sita za usiku.

Alisimama kati yao. Hakupaza sauti kutoka mlangoni mwa hema. Alikuwa karibu kiasi cha kuambukizwa. Kijana wa unga anahitaji mtu wa kumshika mkono mpaka kliniki ya methadoni kule Kisauni, na kumsindikiza tena kesho, na kesho kutwa. Anayeishi na virusi anahitaji ndugu atakayekula naye sahani moja. Mjane mwenye sukari anahitaji mtu wa kumwuliza, "Mama, dawa zimebaki za siku ngapi?"

Na hapa nataka kugusa mfuko, mnisamehe. Mtu wetu akifa, kamati ya matanga inakaa jioni hiyo hiyo. Tunachanga mahema, viti, vyakula, basi la kwenda bara, jeneza lenye vishikizo vya dhahabu. Kwa wiki moja pesa inapatikana. Majirani zetu Waislamu wanamzika mtu wao siku ile ile, kwa sanda na jeneza la msikiti linalorudishwa, na heshima ya marehemu haipungui hata kidogo. Sisemi tuache kuwazika wapendwa wetu vizuri. Nauliza swali moja: marehemu huyu alipokuwa hai, akikosa pesa ya dawa za mwezi, kamati ilikaa? Kuna mtu tutamvalisha suti mpya kaburini, na mwaka mzima alikuwa akigawanya kidonge kimoja mara mbili ili kifike mwisho wa mwezi.

Jamani, hilo linaumiza. Na lazima lituumize ili lituponye.

MAAGIZO YA WIKI HII

Wazee wa kanisa wamekubaliana nami katika haya:

1. Jumapili ijayo, kuanzia saa moja na nusu asubuhi, wauguzi wa kanisa watakuwa mlangoni na mashine ya presha. Kila mtu mzima apimwe kabla hajaingia. Namba ikifika 140 kwa 90 au kupita, utaandikiwa uende kituo cha afya wiki hiyo hiyo. Nitapimwa wa kwanza.

2. Kila kamati ya matanga itakayokaa chini ya kanisa hili itatenga sehemu ya kumi ya michango kwa mfuko wa dawa. Mfuko utasimamiwa na mashemasi wawili wa kike na mmoja wa kiume, na hesabu itasomwa kila mwisho wa mwezi.

3. Kila ushirika wa nyumbani uandike majina ya wanaotumia dawa za kila siku, kwa hiari yao, na mtu mmoja wa kuwakumbusha. Majina hayo hayasomwi hadharani, hata kwa maombi.

4. Nyumba zenye mjamzito zipange sasa: gari la nani, simu ya nani, pesa ya nauli imekaa wapi. Na ambaye hajajiandikisha SHA, vijana wetu watamsaidia baada ya ibada.

5. Chumvi isizidi kijiko kimoja cha chai kwa siku, ukihesabu na ile iliyo kwenye viazi karai, mihogo na achari. Mama ntilie wa kanisa, mmesikia? Nanyi mnaonunua, msiwalaumu chakula kikikosa ladha wiki ya kwanza. Ndimu zipo.

MWISHO WA MANENO

Hezekia alipewa miaka 15. Ikaisha, akafa. Lazaro alifufuliwa, na siku moja akazikwa tena. Hata tukipima presha kanisa zima na kumeza dawa zote, kila mmoja wetu ana siku yake, na baada ya kifo kuna hukumu. Kwa hiyo Isaya alipomwambia Hezekia atengeneze mambo ya nyumba yake, neno lile halikuwa la Hezekia peke yake. Tengeneza na Mungu. Tengeneza na mkeo, na mumeo, na yule ndugu mliyeacha kusalimiana tangu mazishi ya baba.

Haruni alisimama na chetezo, tauni ikakoma siku moja. Yesu Kristo alisimama mahali pale pale, kati ya wafu na walio hai, naye hakubaki upande wa walio hai. Alivuka akaenda upande wa wafu, akalala kaburini, siku ya tatu akatoka. Ndiyo maana sisi tunaweza kuitazama hesabu hii bila kukimbia. Anayeamini hata akifa yuko mkononi mwake. Na kwa sababu hatuogopi kufa, hatuna haja ya kujificha na ugonjwa.

Kama hujampa Yesu maisha yako, fanya hivyo leo, hapo ulipo, na ukifika kanisani tuambie. Kama umempa, basi chukua chetezo chako. Kuna mtu katika mtaa wako ambaye, mwaka huu, hahitaji kuwa katika hesabu.

Tuombe.

Baba, wewe uliyewahesabu wafu wa Israeli, unawajua na wafu wetu kwa majina. Wafariji waliobaki. Tufunulie kinachotuua, ndani ya miili na ndani ya nyumba zetu. Wabariki madaktari, wauguzi na wakunga wa Mombasa, na uwape nguvu wale wa zamu ya usiku. Waokoe vijana wetu na unga. Utupe miguu ya kukimbia na moyo wa kusimama na wagonjwa. Katika jina la Yesu. Amina.